Baiskeli ya haibridi ya mtumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chapa

Maswali haya ni ya watu wanaonunua baiskeli za kontena: zile zinazoshuka Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zikitokea Uingereza, Uholanzi na Ujerumani, kisha zinapangwa pembeni mwa barabara zikiwa na vumbi la huko huko. Baiskeli mpya za dukani hazimo humu.

Haibridi ni baiskeli gani hasa?

Ni ile yenye usukani ulionyooka na mkao wa kuinuka kidogo kama baiskeli ya mlimani, lakini magurudumu yake ni makubwa na membamba, yanakaribia ya mbio. Fremu mara nyingi ni alumini. Isiyo na foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya springi huwa na kilo 11 hadi 13 hivi. Yenye springi hufika 14 au 15. Ukizoea Phoenix, tofauti utaiona unapoibeba kupanda ngazi.

Nitajie chapa moja iliyo bora kuliko zote.

Haipo. Ndani ya chapa moja kuna umbali mkubwa kuliko uliopo kati ya chapa na chapa. Trek ya daraja la chini na Giant ya daraja la chini zina gia zilezile za Shimano (watengenezaji wa vipuri), breki zinazofanana, na uzito unaokaribiana. Lakini Trek ya chini na Trek ya juu ni baiskeli mbili tofauti zenye jina moja ubavuni.

Halafu viwanda navyo vinaingiliana. Giant, kampuni ya Taiwan iliyoanzishwa 1972, ilikua kwa kuwatengenezea wengine, wakiwemo Schwinn wa Marekani. Merida, nayo ya Taiwan, inamiliki sehemu kubwa ya Specialized tangu 2001. Kwa hiyo watu wakibishana kijiweni kama Specialized ni "ya Mmarekani" na Merida ni "ya Mchina", waache wabishane, wewe kagua habu (kitovu cha gurudumu).

Kati ya Trek, Giant, Specialized, Merida, Cannondale, Scott na Cube, nunua iliyo na saizi yako na ambayo haijachakaa sana. Chapa inaanza kuwa na maana kwenye mambo mawili tu: vipuri ambavyo ni vya kampuni hiyo peke yake, na chapa za bei rahisi zilizotengenezwa kuuzwa supamaketi.

Nimeona Trek 7.3 FX na Giant Escape 3. Namba zinamaanisha nini?

Hapa ndipo wengi wanapopigwa, na wakati mwingine muuzaji mwenyewe hajui.

Trek hupanda: 7.1 FX ni ya chini, 7.2 inafuata, 7.3 iko juu yake. Miaka ya karibuni walifupisha majina yakawa FX 1, FX 2, FX 3, lakini mwelekeo ni uleule, namba kubwa ndiyo bora. Giant ni kinyume chake: Escape 3 ni ya chini, Escape 1 iko juu, Escape 0 juu zaidi. Cannondale Quick na Scott Sub Cross nazo hushuka kama Giant, namba ndogo ndiyo nzuri. Merida Crossway, Carrera Crossfire na Boardman hupanda kama Trek.

Kwa hiyo 7.3 FX na Escape 3 zikisimama pamoja kwa bei moja, wala usiwaze mara mbili: chukua Trek, kama saizi inakufaa. Ikiwa ni Escape 1 na 7.1 FX, chukua Giant.

Na kama namba imefutika au fremu imepakwa rangi upya?

Soma gia. Shimano huandika jina kwenye dereila ya nyuma, kile kifaa kinachoning'inia chini ya gia na kuhamisha mnyororo. Kutoka chini kwenda juu: Tourney, Altus, Acera, Alivio, Deore. Juu ya Deore zipo nyingine, lakini ni nadra kuzikuta kwenye haibridi ya mtumba.

Angalizo: watengenezaji wanajua kwamba mnunuzi hutazama dereila ya nyuma, basi huiweka nzuri hiyo moja na sehemu nyingine zote wakapunguza. Ukikuta dereila ya Alivio, tazama pia leva za usukani na krenki (mikono inayoshika pedeli). Zikiwa za jina la chini sana, bei isipandishwe kwa ajili ya kipande kimoja.

Hesabu pia gia za nyuma. Yenye gia 7 nyuma mara nyingi ina friwili (fungu la gia) ya kufunga kwa nyuzi, kama zile za baiskeli za kawaida, na ekseli yake hupinda au kukatika mapema ikibeba mzigo kwa sababu gololi za upande wa gia zimekaa mbali na ncha. Yenye gia 8 au 9 karibu kila mara ina kaseti (fungu la gia linalochomekwa kwenye habu), na ekseli inashikiliwa vizuri zaidi. Kwa mtu mzito, au anayebeba mtoto kwenye kerea, mimi naiona tofauti hii ni kubwa kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye fremu.

Gia 8 ndizo ninazozipendekeza zaidi kwa mazingira yetu. Mnyororo wake ndio uleule wa gia 6 na 7, unapatikana. Wa gia 9 ni mwembamba zaidi, na nje ya miji mikubwa utausubiri.

Carrera, Boardman, Raleigh, Apollo: zinazotoka Uingereza zikoje?

Carrera, Boardman na Apollo zote ni za duka moja, Halfords. Apollo ndiyo ya bei ya chini: nzito, gia za Tourney au chini ya hapo. Kama bei yake inakaribia ya Carrera, iache. Carrera Subway na Crossfire ni farasi wa kazi. Fremu zake ni nzito kidogo lakini ngumu, na huku ziko nyingi kiasi kwamba mafundi wamezizoea. Boardman, iliyopewa jina la Chris Boardman bingwa wa Olimpiki wa 1992, huwa nyepesi na ina vifaa vizuri kuliko bei yake, na kwa kuwa jina halijulikani sana huku, wauzaji huiweka bei ya chini. Ukiiona, kimbia nayo.

Raleigh inahitaji maneno zaidi, maana wazee wetu wanalikumbuka jina hilo kwa Raleigh ya chuma iliyodumu miaka na miaka. Hiyo ilikuwa ya Nottingham. Kiwanda cha Nottingham kilifungwa 2002, na tangu 2012 jina liko mikononi mwa kampuni ya Accell ya Uholanzi. Raleigh Pioneer za zamani zenye fremu ya chuma ni nzuri na hazina mambo mengi. Fremu ikipasuka, fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuiunga, jambo ambalo kwa alumini ni gumu sana mtaani. Raleigh za baadaye ni baiskeli za kawaida tu. Usilipie sifa za babu.

Gazelle, Batavus, Koga: baiskeli za Kiholanzi zinafaa?

Zinafaa kwa tambarare. Gazelle wako Dieren tangu 1892, Batavus walianzia Heerenveen 1904, na kazi yao ni baiskeli ya kila siku: madigadi, taa, kerea, stendi, na mara nyingi mnyororo uliofunikwa kabisa. Kwa anayevaa kanzu au dera, kifuniko hicho kina thamani kuliko gia kumi za ziada. Valvu ya tyubu nyingi za Kiholanzi ni ileile ya Phoenix, kwa hiyo pampu ya kila fundi inaingia.

Ubaya: uzito, kilo 18 hadi 20 si ajabu, na saizi. Waholanzi ni warefu. Fremu za sentimita 57 na 61 hujaa kwenye kontena kwa sababu ndizo zinazobaki, na muuzaji atakushusha kiti mpaka mwisho akuambie inakutosha. Haikutoshi.

Nyingi zina gia ndani ya habu, Shimano Nexus ya 3, 7 au 8. Ni gia nzuri zinazovumilia vumbi na matope. Gia zikiruka kwenye Nexus ya 7 au 8, usikubali habu ifunguliwe haraka. Weka gia ya 4, tazama karibu na habu upande wa mnyororo, utaona vistari viwili vyenye rangi. Vinatakiwa vilingane. Visipolingana, zungusha kirekebishi cha waya taratibu mpaka vikutane. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Koga, ambayo kwenye fremu za zamani imeandikwa Koga Miyata, ni ngazi nyingine. Ukiikuta nzima na saizi yako, jipange.

Muuzaji anasema tairi ni 28, nimenunua 28 haiingii. Kwa nini?

Kwa sababu "28" ni jina la ukubwa zaidi ya mmoja. Phoenix na wenzake hutumia 28 x 1½, ambayo kipenyo cha rimu yake ni mm 635. Haibridi hutumia 700C, ambayo Wajerumani na Waholanzi nao huiita 28, lakini kipenyo chake ni mm 622. Tofauti ni mm 13, na hakuna nguvu wala bisibisi itakayoifuta.

Tazama ubavuni mwa tairi, kuna namba kama 37-622 au 40-635. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo. Hiyo ya pili ndiyo unayoitaja dukani. Tairi za 29 za mlimani nazo ni 622, kwa hiyo ile nyembamba kidogo ya 29 inaweza kukaa kwenye haibridi ikiwa foku na fremu zina nafasi. Rimu za baiskeli za mlimani za 26 ni 559, hazihusiani kabisa.

Hili ndilo swali ninaloliweka mbele ya chapa kwa anayeishi mbali na mji. Kabla hujalipa, nenda duka la vipuri unalolitegemea uliza kama wana 622. Wakikosa, nunua baiskeli pamoja na tairi mbili za akiba kutoka kwa muuzaji yuleyule, au achana nayo.

Barabara ya kwetu ni ya changarawe na mchanga. Chapa ipi ina nafasi ya tairi nene?

Uliza toleo, chapa haitakusaidia. Trek FX, Specialized Sirrus na Giant Escape zimetengenezwa kwa lami. Trek DS, Specialized Crosstrail, Giant Roam na Scott Sub Cross zimepewa tairi nene zaidi, karibu mm 40. Ingiza kidole kati ya tairi na fremu nyuma ya krenki: kikibana pande zote mbili, hapo huongezi upana.

Hesabu na spoku. 32 au 36 kwa gurudumu ndizo za kwetu. Yenye 20 au 24 inapendeza machoni, ila ikikatika moja gurudumu linayumba mpaka kusugua breki.

Foku ya springi si ndiyo nzuri kwa barabara mbovu?

Ikiwa mpya, kidogo. Kwenye mtumba mara nyingi imeganda. Shika breki ya mbele, kandamiza usukani kwa uzito wako wote: ikikataa kushuka, au ikashuka isirudi, umebeba kilo ya ziada bure. Mimi ningechukua foku ngumu na tairi pana.

Kuna springi moja ya kuiepuka bila mjadala: Headshok ya Cannondale, iliyomo kwenye baadhi ya baiskeli zao za toleo la Bad Boy. Springi imefichwa ndani ya shingo ya fremu, na huwezi kuweka foku ya kawaida hivi hivi. Cannondale nyingine, kama Quick yenye foku ngumu, haina tatizo hilo.

Diski au breki za mpira?

Breki za mpira za mikono miwili, zile V, zinatosha na kila fundi anazijua. Ila tazama rimu: ikiwa imelika mpaka ukipitisha kidole unahisi bonde, rimu hiyo inaelekea kupasuka. Diski za waya ni sawa. Diski za mafuta hushika vizuri sana, lakini Shimano na Tektro hutumia mafuta ya madini na baadhi ya chapa hutumia mafuta ya breki ya aina ya DOT, na fundi akichanganya, raba za ndani huharibika.

Kama ina diski mbele na leva ya kufungua gurudumu kwa mkono, fanya kipimo hiki. Fungua leva mpaka mwisho. Kati ya leva na diski ibaki nafasi ya kupita penseli, mm 6 hivi. Ikiwa leva inaweza kugusa diski, ikijilegeza njiani inaweza kuingia kwenye diski na kulisimamisha gurudumu ghafla. Mwaka 2015 Trek iliita zirudishwe zirekebishwe baiskeli karibu milioni moja Marekani na Kanada kwa kasoro hiyo, na mwaka huohuo kampuni nyingine zikafuata, zikiwemo Cannondale, Giant na Specialized. Baiskeli za miaka hiyo ndizo zinazoshuka kwenye makontena. Dawa yake ni kubadilisha leva na fimbo yake tu.

Leva ya gia inabonyea bila kushika. Niiache?

Usiiache, omba punguzo. Leva za Shimano zilizokaa miaka stoo hukauka grisi ndani, kile kijino kidogo kinachotakiwa kuruka na kushika kinabaki kimenata. Fungua kifuniko, puliza mafuta mepesi ya kupenya, bonyeza leva mfululizo, puliza tena. Uchafu mweusi utatoka, na mara nyingi mlio wa "tak" unarudi. Leva ikishashika, weka mafuta kidogo ya mashine. Muuzaji anayedhani leva imekufa anakupa bei ya leva iliyokufa.

Nitajuaje kama mnyororo na gia vimekwisha?

Chukua rula. Weka sifuri katikati ya pini moja, ihesabu hiyo kuwa ya kwanza, endelea mpaka pini ya 25. Mnyororo mpya ni mm 304.8. Ukifika 306.5, unahitaji mnyororo mpya. Ukifika 308, kuna uwezekano mkubwa gia za nyuma nazo zimeliwa, na ukiweka mnyororo mpya peke yake utaruka kila ukikanyaga kwa nguvu.

Kutu niogope kiasi gani?

Boliti zenye kutu ya juu juu, hapana. Nguzo ya kiti, ndiyo. Nguzo ya chuma ndani ya fremu ya alumini, ikikaa na hewa ya chumvi, hushikana mpaka ikawa kitu kimoja. Legeza boliti, shika kiti, zungusha kushoto na kulia. Isipozunguka na urefu wake haukufai, usinunue, hata kama ni Specialized ya daraja la juu.

Kipande kingine cha kutazama ni sikio dogo la alumini ambalo dereila ya nyuma imefungwa. Simama nyuma ya baiskeli: linatakiwa liwe wima sawa na gurudumu. Likipinda kidogo linanyooshwa. Likikatika, kila chapa na karibu kila toleo lina umbo lake, na sikio la Trek haliingii kwenye Giant.

Nitajuaje kama si feki au ya wizi?

Pindua baiskeli, soma namba chini ya krenki. Za Trek kwa kawaida huanza na WTU, za Specialized na WSBC. Stika ya Trek juu ya fremu isiyo na namba ni stika tu. Namba iliyokwaruzwa kwa tupa, ondoka. Kwa baiskeli iliyotoka Uingereza unaweza kuiangalia namba hiyo bure kwenye BikeRegister, daftari linalotumiwa na polisi wa huko.

Waranti ya fremu ya maisha bado ipo?

Haipo kwako. Trek, Giant na Specialized huitoa kwa mnunuzi wa kwanza.

Kuna Gazelle ya umeme bila betri, bei nzuri sana.

Bei ni nzuri kwa sababu betri haipo. Betri za lithiamu husafirishwa kwa masharti ya mizigo ya hatari, kwa hiyo huachwa huko, na mifumo kama ya Bosch haikubali betri ya kuungaunga. Utakuwa unakanyaga kilo 20 na ushee pamoja na mota iliyolala.

Kaka yangu yuko Birmingham, ana nafasi kwenye kontena la jamaa. Nimwambie aniletee nini?

Mpe urefu wako na urefu wa mguu kwa ndani, kutoka unyayo mpaka kwenye gongo, ili ukisimama juu ya bomba la fremu ibaki nafasi ya vidole vitatu. Kama una mita 1.65 hadi 1.75, atafute inchi 17 au 18. Aulizie Boardman, Carrera Crossfire, Trek 7.2 au 7.3 FX, au Giant Escape 1 na 2, foku ngumu, gia 8 nyuma ikiwezekana, breki za V. Kisha kwenye mzigo huohuo aweke tairi mbili za 622, tyubu nne, sikio la dereila la toleo hilohilo, minyororo miwili na raba za breki. Kama tyubu ni za valvu nyembamba ya kufungua juu, aongeze kile kiunganishi cha shaba cha kuvalisha pampu ya kawaida. Pedeli azifungue na usukani augeuze ulale sambamba na fremu, baiskeli itakaa kwenye nafasi ndogo. Pedeli ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kinyume, amkumbushe fundi wake asiikaze zaidi akidhani anaifungua.